Pipa la Kabichi

Miaka ishirini na miwili niliongoza zaburi,
mimi, Partenie, sauti ikipanda
hata masizi ya dari yakanijua kwa jina.
Kisha Abati akamkabidhi Ilarie kitabu,
kijana wa juzi, pua imezibwa na mafua ya Bukovina,
nami nikapewa kisu, chumvi na ghala la chini.

Nilimsikiliza kupitia mbao.
Kila alipoteleza
nilikata kabichi kwa furaha.
Bwana, unajua. Sina la kukuficha.

Theluji ikayeyuka. Kabichi ikachacha vizuri,
watawa wakarudi na sahani tupu,
na mgeni wa Suceava akauliza: fundi ni nani?
Nikajikuta nimenyoosha shingo.
Kumbe yule niliyedhani nimemwacha juu
alishuka ngazi kabla yangu,
akajifunga aproni.

Leo Ilarie amekwama katikati ya mstari.
Kanisa zima kimya.
Nilikuwa mlango wa nyuma, mikono inanuka siki.
Nikamrushia neno moja, chini kwa chini;
akalidaka, akaendelea,
wala hakugeuka kutazama ni nani.

Wala mimi sikukohoa.