Mshumaa wa Mafuta ya Kondoo

Morwenna amewasha mshumaa wa mafuta ya kondoo
apime mwenyewe: ukurasa mmoja na nusu, kisha moshi.
Ndivyo walivyosoma Bodmin mwaka 1783,
nguo zikinuka jiko, macho yakichuruzika.
Taa ya umeme ipo. Kaizima makusudi.

Riwaya yake ina jumba, ina ngazi, ina chumba cha juu
chenye komeo kwa nje.
Alitaka mzuka tu,
wa kumtisha msomaji Jumapili ya mvua.
Ila leo, katika daftari la kanisa,
kati ya ndoa ya mhunzi na bei ya kamba ya kengele,
karani kaandika mbiombio:
Mtoto wa kike. Kazikwa usiku. Ada haikulipwa.

Jina hakuna.

Sura ya saba imekwama hapo.
Amwite nani? Anafuta, anaandika, anafuta,
wino umemwingia kwenye kucha.
Kalamu ile ilikuwa na nafasi ya neno moja
ikaona uvivu.
Hilo linamtia baridi kuliko komeo.

“Loveday,” anatamka, akilipima
kama kiatu cha mtoto.

Mshumaa umebaki ncha ya kidole.
Juu yake, katika nyumba isiyo na ghorofa,
ubao mmoja unalia.