Jino la Saa Nane

Fundi Nampoto alifunga dira mpya kwenye bomba letu,
Newala, nyumba ya tatu kutoka ghala la korosho,
akaiunganisha na simu yangu, akasema:
sasa utaona hata tone linalokohoa.

Wiki ya kwanza niliisoma nyumba yangu
kama daftari la deni dukani.
Ndoo tatu za Shaibu, anayejipaka sabuni huku anaimba
na maji yanamsubiri yakimwagika.
Vyombo: lita thelathini, bomba wazi,
mdomo wa muoshaji wazi pia.
Tukaanza kusuuza kwenye beseni.
Maji ya mchele yakahamia kwenye mchicha.
Mstari kwenye kioo ukashuka
kama barabara ya kwenda Kitangari.

Ila saa nane ya usiku, kila usiku,
palisimama jino.
Lita nne. Nyumba imelala, mbwa amelala,
nani anakunywa?

Nilimshuku jirani.
Nikatia wino kwenye tangi la choo, nikitafuta ufa.
Nikamwita Nampoto, akabana kila kiungo,
akala wali, akaenda zake.
Jino halikung'oka.

Usiku wa Alhamisi nikakesha jikoni, taa nimezima.
Akaja bibi Somoe, pekupeku,
kanga moja mabegani,
akafungua koki nusu, akakinga kiganja.
Hakuoga. Hakunywa.
Alisikiliza.

"Naangalia kama bado yapo," aliniambia, wala hakushtuka.
"Usichana wangu tulishuka bondeni jogoo hajawika,
tukapanda na mitungi, mchanga unanyonya miguu.
Ukijikwaa, siku yako imemwagika."

Nikamwonyesha simu: vilima, mabonde, tarehe.
Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.
"Kumbe inahesabu," akasema.
"Na sisi tulihesabu. Kwa shingo."

Siku hizi pana kata chini ya koki.
Yanayodondoka usiku huchemshwa chai alfajiri,
na bibi huyaita maji yake, hataki yachanganywe.
Jino limechakaa, limebaki kisiki:
robo lita, pengine pungufu.

Jana simu ikaniuliza:
Mtiririko usio wa kawaida, saa nane usiku.
Je, ni uvujaji?

Kidole kilisimama juu ya kioo
muda mrefu kuliko swali lenyewe.
Jikoni, koki ililia mara moja, ikafungwa.

Nikabonyeza Hapana.