Mbuzi wa Tatu

Nimeufunga mkanda kama abiria,
kiti cha mbele, umevikwa kanga ya Zuwena.
Toka Ibri hadi Bahla sikuzidi themanini,
na kila tuta nikauambia: samahani.

Riyali mia mbili na ishirini.
Mwekundu, mabega mapana, shingo fupi,
mistari myeusi ya mawimbi tumboni
na juu yake mbuzi watatu wa pembe ndefu,
wanakimbizana, hawakutani.
Miaka elfu nne, muuzaji aliniapia.
Nyumbani nina rafu nne za vigae, midomo mitupu,
na mkono wa birika usio na birika.
Zuwena husema nimeongeza mke: nimeoa vyungu.

Zahran mfinyanzi hakunawa mikono.
Aliupokea kama mtoto wa jirani,
akaugonga kwa ukucha, ti,
akalamba kidole, akaupapasa ndani ya mdomo.
Akacheka. "Huyu wangu."

Aliuchora kwa ujiti wa mtende, alisema,
mwaka mmoja kabla ya kile kimbunga,
akaufukiza kwa samadi, akauzika nyuma ya zizi
misimu miwili, chumvi ikauzeesha.
"Mbuzi wa tatu nilimkosea. Hesabu miguu."

Nikahesabu.
Mitano.
Mwaka mzima namtazama kwa lenzi.

Mjukuu akaleta kahawa, na tende juu ya gae
nene, kingo zimelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Nikaondoa tende moja: mstari mweusi.
Nikaondoa ya pili: pembe.
Ya tatu nikaila upesi, sikuhisi utamu wake.
"Na hili?"
"Hilo? Tulilichimbua na udongo, kule bondeni.
Simjui aliyelifanya. Mkono mzuri.
Linatosha tende kumi na mbili."

*Mfinyanzi hulia gaeni*, mama alikuwa akisema, Wete,
akitufutia sahani yetu iliyopasuka.
Nami nilidhani anasemea umaskini.

Sikuuliza bei.
Nilikula tende zote, mmoja baada ya mwingine
wanyama wakatoka chini yake,
nikawahesabu miguu, minne, minne, minne,
kisha nikazirudisha kokwa mahali pake.

Ijumaa Zuwena kautia mtungi wangu maji ya kunywa.
Hauvuji. Yana baridi.
Yana ladha ya zizi, kidogo tu.