Daftari la Vipimo

Mabega thelathini na nane. Kifua tisini na mbili.
Sketi ifunike magoti, mama mkwe atakuwepo.
Huyo ni Kavugho, ukurasa wa kumi na mbili, kalamu ya bluu.
Ameacha nusu ya pesa,
nusu atalipa akiuza sambaza.

Bombi la kwanza liliangukia shitingi za watu wa Sake,
la pili barabarani, kwenye foleni ya maji.
Mimi nilikuwa natia makaa kwenye pasi.
Cherehani ilitembea peke yake hatua moja
hadi ukutani,
na mabidoni yakaja yakibingirika juu ya mawe meusi,
matupu, ya njano, hayana mwenyewe.

Jioni redio ikatoa hesabu: kumi na saba.
Upande mmoja ukasema, si sisi.
Upande wa pili ukasema, si sisi.
Basi bombi lilijituma.
Lilipanda chukudu huko milimani,
likashuka na viazi na makabichi,
likiuliza watu njia ya Ndosho.

Kesho yake akaja kijana wa Msalaba Mwekundu,
glavu mkononi, mfuko mweusi.
"Mama Cherehani, wanasema wewe unajua mishono."
Kipande cha kikwembe, kiganja na nusu,
ndege wa njano juu ya bluu.
Nikakigeuza.
Watu husoma nguo kwa nje,
mimi huisoma ndani.
Uzi mweusi uliniishia katikati ya mshono ule,
nikamalizia kwa kahawia, nikajiambia,
nani ataona?

Nimeona.

"Ni Kavugho," nikasema. "Mkono wa kushoto."
Akaandika: mkono wa kushoto.
Wa blauzi, kijana. Mkono wa blauzi.
Akaniangalia. Hakufuta.

Ukurasa wa ishirini na moja: Byamungu, darasa la tatu,
kaptula ya bluu ya shule.
Hapo niliacha upindo wa vidole vinne,
kwa sababu mtoto hushonewa mwaka unaokuja.
Mama yake alicheka siku ile:
huyu anakula kama askari, utaufungua kabla ya Pasaka.

Leo amekuja nayo kwenye mfuko wa plastiki.
Ameifua. Ameifua mara nyingi, rangi imepauka upande mmoja.
Hakukaa kwenye kiti.
"Punguza kiuno," akasema, "na urefu pia.
Ni ya mdogo wake."

Nikampima mdogo mtu.
Alisimama wima, amebana pumzi
kama wanavyosimama mbele ya kamera.
Kiuno arobaini na nane.
Upindo sasa ni vidole saba, mzito,
unamgonga magotini akitembea.

Mama yake akafungua fundo la kikwembe.
"Ni pesa ngapi?"

Nilikuwa na pini mdomoni.
Nikaziacha humo.