Kidole Juu ya Mpira

Mechi kumi na moja bila ushindi.
Mabao thelathini na manne yamepita kwangu,
nayajua moja moja kama mtu ajuavyo madeni yake:
la kona, la kichwa, na lile lililodunda mara mbili
nikalisindikiza kwa macho
kama mgeni aliyeondoka bila kuaga.

Hapa kwetu Faroe uwanja umebanwa
kati ya mlima na maji.
Mpira ukipaa sana, huhama nchi.
Kondoo hututazama kutoka mtelemkoni,
na tangu Agosti hata wao wamepungua.

Kocha aliondoka Septemba.
Alituachia filimbi na karatasi ya mishale mingi,
hakuna hata mmoja uliowahi kufika ulikoelekezwa.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Sawa. Lakini kwetu koleo limevunjika
na mhunzi mwenyewe ana homa.

Filimbi akaichukua Tróndur, nahodha,
mchomeleaji wa vyuma kwenye kiwanda cha samaki.
Siku tuliyofungwa sita, nilitaka apige meza.
Nilitaka atutukane, tupate pa kuweka hasira.
Akakaa. Akafungua kamba za viatu, polepole,
akauambia mguu wake:
“Silali. Tangu Agosti nauogopa mpira.
Ukinijia, naomba uende kwa mwingine.”

Bomba la maji ya moto liliguguma ukutani.
Hatimaye Eyðun, beki wa kushoto:
“Nilidhani ni mimi peke yangu.”
Kisha mwingine. Kisha mwingine.
Kisha mimi, mwenye barua ya kuacha timu
mfukoni mwa koti, bado haina tarehe.

Hatukupona usiku ule.
Jumapili iliyofuata tulifungwa tena, mawili tu.
Hiyo “tu” tuliigawana kama mshahara.

Sasa jana.
Dakika ya themanini na sita, tuko nyuma kwa bao moja,
mvua inanyesha kwa ubavu, refa anaonyesha penalti.
Tróndur akauokota mpira, akaupangusa kifuani,
akampa Rói.
Rói! Miaka kumi na saba,
aliyekosa penalti majira ya kuchipua
na tangu hapo hutapika kabla ya kila mechi.
Nikasema moyoni, huku mwisho wa uwanja:
nahodha anakimbia.

Rói akautenga mpira. Upepo ukauondoa.
Akautenga tena. Ukaondoka tena,
mara ya tatu ukamfuata refa kama mbwa.
Magari yaliyopanga mstari barabarani
yakazima hata vipangusio vyao.

Hapo Tróndur akalala.
Kifudifudi, kwenye nyasi bandia zilizolowa,
mkono mmoja mbele, kidole kimoja juu ya mpira,
shavu lake shubiri moja kutoka njia ya kiatu.
Mtu anayeuogopa mpira.

Baadaye Rói alinisimulia walivyonong’onezana.
“Nikikupiga mkono je?”
“Ninao mwingine.”

Sikuuona ukiingia, mvua ilikuwa pazia.
Nilisikia honi. Kwanza moja, ya gari la mchinjaji,
kisha barabara nzima ikapiga kelele.
Wenzangu wakamrundikia Rói kama matandiko.
Tróndur alikuwa bado chini, peke yake,
anatema vipande vyeusi vya mpira wa nyasi,
anachezesha vidole, anavihesabu.

Aliponyanyuka hakushangilia.
Alinitazama kutoka huko mbali,
akaninyooshea kidole kilekile:
golini. Zimebaki dakika nne.

Ligi bado tunaiburuza mkia.
Barua bado imo kotini.
Nikavuta glovu, nikarudi mstarini.
Upepo ulikuwa unanijia mimi,
na wao walikuwa wameshaanzisha mpira katikati.
Magoti yalinitetemeka, sitadanganya.
Nikauambia: njoo.