Baada ya Kubonyeza Tuma

Haya, imeenda.
Usiikodolee tena hiyo skrini, Nyevu, haina la kukwambia.
Nipe sabini: hamsini ya fomu,
ishirini ya nakala ya kitambulisho cha mamako
kilichofutika sura, kikabaki paji na mtandio.
Risiti itie kwenye nailoni,
nailoni uitie ndani ya kitabu
ambacho kwenu hakiazimwi.

Miaka kumi na moja niko hapa Majengo,
mashine sita, feni moja,
nshawaona wanavyobonyeza kama wapigao hodi,
wakasimama wima kungoja karibu.
Hodi hii, mwanangu, hupigwa leo
ikaitikiwa mvua nyingine.

Wiki ya kwanza utaingia kila asubuhi.
*Ombi linashughulikiwa.*
Wiki ya tano,
*ombi linashughulikiwa.*
Utalichukia neno hilo, kisha utalizoea,
kisha mamako atauliza kama wali umeiva
nawe utamjibu, "Unashughulikiwa,"
mcheke nyote wawili, mpaka mmoja aache kucheka.

Utapigiwa simu.
Sauti laini, inakujua jina,
itataka namba yako ya siri ili faili isogee.
Faili haisogei kwa namba ya siri.
Kata.

Kisha watairudisha.
Babako ni Mwachiro kwenye cheti chako cha kuzaliwa,
Mwachiru kwenye cheti chake cha kifo:
herufi moja tu, na marehemu kawa watu wawili,
mmoja amekuzaa, mwengine amekufa,
na wewe huna yatima wa kuwaonyesha.
Utakwenda kwa chifu. Chifu yuko mkutanoni.
Muhuri uko kabatini, ufunguo uko mkutanoni.
Rudi Alhamisi.

Na chuo nacho hakingoji.
Pale Tudor watabandika orodha ya mtihani,
utaisoma kutoka juu, utaisoma kutoka chini,
utaisoma kama kwamba jina lako lilitoka kidogo litarudi.
Usijifiche chumbani.
Nenda dirisha la tatu, kwa Bi Shamsa wa miwani ya kamba,
umwambie kabla hajakuuliza.
Usivae ukapendeza mno,
wala usivae matambara kwa makusudi;
yote mawili keshayaona.

Zikija, hazitakuja zote.
Fungu la karo litapita juu ya kichwa chako
liingie chuoni moja kwa moja, hulioni wala halikuoni.
La kujikimu litakuja saa nane za usiku,
simu itetemeke chini ya mto,
na kabla ya adhana ya alfajiri umeshaligawa:
la mwenye nyumba, la mwenye mahamri,
la Mwakidudu aliyekukopesha akakataa kuandika.
Kalamu utaazima.

Na lisome vizuri lile karatasi.
*Msaada* limeandikwa juu, herufi za bango.
*Mkopo* liko chini kabisa,
herufi za sisimizi.

Mimi nilibonyeza mashine ile ya pembeni,
duka likiwa bado la marehemu Sadiki.
Nilipata nusu, nikasoma nusu.
Kila tarehe tano hukatwa,
na shahada sina.
Sikwambii ili uogope.
Nakwambia kwa kuwa fomu haikuwa na nafasi ya hilo.

Wakikwambia hapana, itazame mpaka mwisho,
hapana yao ina tarehe ya rufaa.
Njoo nayo mapema. Rufaa silipishi.

Sasa inuka, kuna kijana nyuma yako
ameshika kitambulisho cha mamake kwa mikono miwili.

Ngoja. Neno la siri uliweka nini?
Jina la babako?
La mwisho o, ama u?
Liandike nyuma ya daftari, Nyevu.
Andika sasa hivi, nikuone.