Joto Lililochelewa

Bombo, saa tisa za usiku. Umeme umekatika tena
na vifaranga mia mbili wa mama wamejibana pembeni.
Mama anaongeza makaa kwenye sigiri.
Anangoja. Baridi. Anaongeza tena.
Sasa joto la kwanza ndilo linafika,
na la pili liko njiani, halirudishwi.
Alfajiri wametawanyika hadi ukutani, midomo wazi,
naye anatoa makaa kwa koleo, anatoa, anatoa,
na jioni tunazika tisa nyuma ya choo.

“Wewe uliyesomea hesabu,” akaniambia,
“hizi nazo ni hesabu?”

Ni hesabu, mama.
Nikaandika ukutani kwa kipande cha mkaa:
kasi ya sasa ni hasi a, mara hali ya tau iliyopita.
Tau ni dakika ambazo moto unasafiri
toka sigiri hadi mgongo wa kifaranga.
Na a ni mkono wako,
ukubwa wa wasiwasi wako.
Zizidishe. Zikiwa chini ya nusu ya pai
kila wimbi litakuwa dogo kuliko lililotangulia
mpaka chumba kitulie.
Zikizidi, hata kwa unywele,
tunaua kwa kusahihisha.

Na kuna hili, lililonichukua mwaka mzima Makerere:
haitoshi kuniambia joto la sasa hivi.
Mlinganyo huu hauanzi na nukta.
Unadai kipande kizima cha jana,
dakika kwa dakika, bila pengo.

Mama akausoma ukuta, midomo ikitembea.
“Baba yako,” akasema. Basi.

Baba anaendesha lori la mafuta huko ng'ambo,
simu yake hushika mtandao akirudi Nimule.
Mwezi wa tatu alinikaripia kwa kuacha kazi
siku ileile niliyopata nyingine.
Nikamjibu kwa ukali. Ukali ukamkuta
ameshanunua kitenge cha kuniomba radhi.

Usiku wa pili mama aliweka makaa matatu tu.
Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kwapani,
kama mtu anayejizuia kujikuna.
Kifaranga mmoja akalia. Hakuinuka.
“Tau yako ni ngapi?”
“Dakika ishirini na tano.”
“Haya. Nahesabu.”

Simu yangu ikawaka: baba, maneno mengi, ya juzi.
Nikailaza kifudifudi juu ya gunia la pumba
nikahesabu naye.